Miaka 60 ya Texas Western: Wavu uliokatwa bila ngazi

Ngazi haikuletwa. Usiku wa Machi 19, 1966, katika ukumbi wa Cole Field House mjini College Park, jimbo la Maryland, vijana wa chuo cha Texas Western walikuwa wametoka kutwaa ubingwa wa mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani. Desturi ya mchezo huo inataka mabingwa wapande ngazi, wakate wavu na kurudi nao nyumbani. Wachezaji wameisimulia mara nyingi namna walivyotazama huku na huku wasione wa kuwaletea ngazi. Mwishowe Nevil Shed, mrefu kuliko wote, akatoa mabega yake. Willie Worsley, mfupi kuliko wote, akayapanda, na wavu ukakatwa hivyo, mtu juu ya mtu.

Machi 2026 tukio hilo limetimiza miaka 60. Siku ile chuo kidogo cha umma cha mpakani, ambacho Wamarekani wengi hawakujua kilipo, kiliifunga Kentucky pointi 72 kwa 65. Kilianza na wachezaji watano, wote weusi, na hilo halikuwahi kutokea katika fainali ya mashindano hayo. Kentucky, timu iliyopewa nafasi ya kwanza kwa ubora nchini, ilikuwa ya weupe watupu.

Kila maadhimisho yanapofika, husimuliwa usiku huo mmoja. Ni haki yake. Hata hivyo mwaka wa masomo wa 1965/66 ulikuwa mkubwa kwa chuo kizima, darasani, uwanjani na mitaani, na mizizi yake inarudi nyuma hadi kwenye kesi ya mahakamani, sheria ndogo ya mji na darasa la Kiswahili la mwaka 1961. Msomaji wa Tanzania anapaswa kuijua habari hii kwa sababu sehemu yake ni ya kwetu.

Ngome za Bhutan jangwani

El Paso iko kwenye ncha ya magharibi ya Texas. Ng'ambo ya mto Rio Grande ni Ciudad Juárez, mji wa Mexico. Milima ya Franklin imeupasua mji, na nje yake ni jangwa. Mwaka 1914 jimbo lilifungua hapo shule ya madini yenye wanafunzi 27.

Jengo kuu lilipoungua mwaka 1916, Kathleen Worrell, mke wa mkuu wa shule, alikumbuka picha za Bhutan zilizochapwa na jarida la National Geographic la Aprili 1914. Aliona milima ya Himalaya inashabihiana na ya kwao. Majengo mapya yakasimamishwa kwa mtindo wa ngome za nchi hiyo: kuta nene zinazoegemea ndani kadiri zinavyopanda, mapaa yenye kingo pana, na chini ya paa mkanda wa vigae vya rangi. Mpaka leo kampasi hiyo hujengwa kwa sura hiyohiyo. Mwaka 1949 shule ikawa Texas Western College, lakini timu zake zikabaki na jina la asili, Miners, yaani wachimba madini.

Kesi ya msichana aliyeongoza darasa

Mwaka 1954 Thelma White alimaliza akiwa wa kwanza katika darasa lake huko Douglass, shule ya weusi ya El Paso. Aliomba nafasi Texas Western, akakataliwa kwa sababu ya rangi yake. NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani Weusi, kilimsimamia mahakamani. Mwaka uliofuata Jaji Robert Ewing Thomason aliamua kwamba chuo hakina haki ya kumfungia mlango, na muhula ulipoanza wanafunzi 12 weusi wakaingia darasani. White mwenyewe hakurudi. Alikuwa ameshaanza masomo katika jimbo jirani la New Mexico, akabaki hukohuko. Chuo kilichofunguliwa kwa jina lake walikisoma wengine.

Mwaka 1956 Charlie Brown akawa mchezaji wa kwanza mweusi wa timu ya kikapu ya chuo hicho, miaka kumi kamili kabla ya fainali ya Maryland.

Mitaani mambo yalichelewa. Nolan Richardson, kijana mweusi wa El Paso aliyeichezea Texas Western, aliingia mkahawani na diwani mmoja wa mji, Bert Williams, na mkahawa ukakataa kumhudumia. Williams alitoka pale akiwa na dhamira. Mwaka 1962 baraza la mji lilipitisha sheria ndogo ya kupiga marufuku ubaguzi katika mikahawa, hoteli na majumba ya sinema. Meya aliikataa, madiwani wakaipitisha tena juu ya kichwa chake. Ilikuwa miaka miwili kabla ya Sheria ya Haki za Kiraia ya Marekani nzima. Richardson alikuja kuwa kocha, na mwaka 1994 aliipa Arkansas ubingwa uleule wa vyuo.

Kiswahili kikasikika El Paso

Majira ya joto ya 1961 yalileta El Paso ugeni wa aina mbili.

Wa kwanza ni vijana wa Peace Corps, mpango wa kujitolea ulioanzishwa mwaka huohuo na Rais John F. Kennedy. Mradi wa kwanza alioutangaza ulikuwa wa Tanganyika: wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia wa kusaidia kuchora na kupima barabara katika nchi iliyokuwa inajiandaa kwa uhuru. Chuo kilichopewa kazi ya kuwafunza kilikuwa Texas Western, kwa kuwa elimu ya miamba na udongo ndiyo iliyokizaa. Vijana hao zaidi ya 30 walishinda madarasani chini ya mapaa ya Bhutan, katika joto la jangwa, wakijifunza historia ya Tanganyika na kujikaza na ngeli za Kiswahili. Baada ya hapo walipelekwa Puerto Rico kwa mazoezi ya ukakamavu, kisha Tengeru karibu na Arusha. Desemba 9, 1961 bendera ya Tanganyika ilipopandishwa, tayari walikuwa nchini.

Mgeni wa pili alikuwa Don Haskins, mwenye umri wa miaka 31, kocha wa shule za sekondari za miji midogo ya Texas ambako alifundisha wavulana na wasichana. Texas Western ilimpa timu ya kikapu, na pamoja nayo kazi ya kusimamia bweni la wanaume. Alihamia bwenini na mke na watoto. Katika kitabu chake Glory Road, alichokiandika na Dan Wetzel, Haskins anasimulia rafiki yake mweusi wa utotoni mjini Enid, Oklahoma, ambaye alicheza naye kikapu ana kwa ana siku nyingi. Walikuwa sawa kwa ustadi. Mmoja alipata ufadhili wa kwenda chuoni, mwingine hakupata, na Haskins anasema jambo hilo halikumtoka moyoni.

Alipofika alikuta timu tayari ina wachezaji weusi. Akaongeza wengine, akiwafuata mbali: Bobby Joe Hill kutoka Highland Park, jirani na Detroit, Harry Flournoy na Orsten Artis kutoka Gary, Indiana, David Lattin kutoka Houston, Shed, Worsley na Willie Cager kutoka New York. Vyuo vikubwa vya Kusini visingewagusa.

Mwaka uliojaa

Mwaka wa masomo wa 1965/66 ulianza na uwanja mwingine. Timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo ilikuwa imetoka msimu wa 1964 bila kushinda hata mchezo mmoja: imefungwa minane, imetoka sare miwili. Kocha mpya Bobby Dobbs aliichukua ilivyo, na msimu wa 1965 ikashinda michezo minane. Desemba 31 ikacheza mchezo wa Sun Bowl, nyumbani El Paso, na kuifunga timu ya chuo cha TCU cha Fort Worth 13 kwa 12. Mji uliingia mwaka mpya ukiimba.

Mwaka huo wa 1966 chuo kilimwajiri Marjorie Lawson kufundisha Kiingereza. Alikuwa mwalimu wake wa kwanza mweusi. Miaka 11 ilikuwa imepita tangu hukumu ya Thelma White, na kwa muda wote huo wanafunzi weusi walikuwa wakikaa darasani bila kumwona aliyefanana nao mbele ya ubao. Habari ya ajira hiyo haikujaza kurasa za magazeti, ilhali ina uzito wake kando ya kombe lolote.

Na timu ya kikapu ilikuwa haishikiki. Ilishinda mchezo baada ya mchezo hadi Machi 5, ilipoteleza kwa Seattle kwa pointi mbili. Huo ndio mchezo pekee iliopoteza msimu mzima.

Katika mashindano ya taifa iliitoa Oklahoma City 89 kwa 74. Mjini Lubbock ikaitoa Cincinnati 78 kwa 76 katika muda wa nyongeza. Kansas ndiyo iliyoifikisha ukingoni. Muda wa nyongeza ulipokuwa unaisha, Jo Jo White wa Kansas alirusha mpira ukazama, uwanja ukalipuka, lakini mwamuzi alikuwa amenyoosha mkono: mguu wa White ulikuwa umekanyaga mstari. Wakacheza nyongeza ya pili, Texas Western ikapita 81 kwa 80. Nusu fainali ikaitoa Utah 85 kwa 78, ingawa Jerry Chambers wa Utah alifunga pointi 38 peke yake. Jerry Armstrong, mmoja wa wachezaji weupe wa Haskins, ndiye aliyeingizwa kumkaba. Timu ile ilikuwa na watu 12: saba weusi, wanne weupe, na David Palacio, mwenye asili ya Kimexico.

Dakika 40 za College Park

Upande wa pili alisimama Adolph Rupp, kocha aliyekwisha kuipa Kentucky ubingwa mara nne. Kikosi chake hakikuwa na majitu. Kilitegemea kasi na mitupo ya mbali ya Louie Dampier na Pat Riley, yuleyule Riley aliyekuja kuwa kocha maarufu wa Los Angeles Lakers na Miami Heat. Haskins alikaa akafikiri: watu wenye kasi huzuiwa na wenye kasi. Akamweka benchi Shed, mwenye zaidi ya mita mbili, akamwanzisha Worsley, mwenye sentimita 168. Watu watatu wadogo nyuma, Flournoy na Lattin mbele. Ulikuwa uamuzi wa kimchezo, na mpaka anafariki Septemba 2008 alishikilia kwamba aliwapanga waliokuwa bora.

Mapema katika mchezo Lattin, kijana mwenye mabega mapana kama mlango, aliruka akauzamisha mpira kwa nguvu juu ya kichwa cha Riley. Ulikuwa mpira wa pointi mbili kama mingine yote, ila Kentucky walijua tangu hapo kwamba chini ya ringi hawatapumua.

Kisha ukaja wakati ambao wote walioandika kuhusu fainali hiyo huusimulia polepole. Tommy Kron wa Kentucky alikuwa anaudunda mpira kuvuka katikati ya uwanja. Bobby Joe Hill akamjia, mkono ukapita kama wa mdokozi, mpira ukawa wake. Akakimbia peke yake, akafunga. Kentucky wakaanza upya. Safari hii mpira ulikuwa mikononi mwa Dampier, mmoja wa washika mpira stadi zaidi katika vyuo vyote vya Marekani. Hill akamjia tena. Akampora tena, akakimbia tena, akafunga tena. Sekunde chache, pointi nne, watu wawili tofauti. 

Tangu hapo Kentucky haikuongoza tena. Hadi mapumziko ilikuwa 34 kwa 31. Flournoy aliumia mapema, Cager na Shed wakaingia. Kipindi cha pili Kentucky iliikaribia hadi tofauti ya pointi moja, na watazamaji wengi kati ya zaidi ya 14,000 waliokuwamo wakasimama kuishangilia. Texas Western haikutetereka. Waliocheza fainali nzima kwa upande wake walikuwa saba, wote weusi.

Takwimu za mchezo zinaonyesha ushindi ulipotoka. Katika mitupo ya kawaida Kentucky ilifunga zaidi, 27 dhidi ya 22. Lakini kila Kentucky iliposhindwa kumfikia Hill au Lattin ilimshika, na kila iliposhika iliadhibiwa: Texas Western ilipata mitupo ya adhabu 34 ikafunga 28, Kentucky ilipata 13 ikafunga 11. Hill alimaliza na pointi 20, Lattin 16, Artis 15.

Timu ilipotua El Paso maelfu ya watu walikuwa wamefurika uwanja wa ndege: Wamexico, weupe, weusi, wanajeshi wa kambi ya Fort Bliss. Mji uliokuwa ukijulikana kwa vumbi na mpaka ulikuwa na mabingwa wa taifa.

Jambo ambalo vijana wa leo hawaliamini ni kwamba magazeti ya wiki ile karibu hayakutaja rangi za wachezaji. Frank Fitzpatrick, katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu fainali hiyo, And the Walls Came Tumbling Down, anaonyesha jinsi maana yake ilivyokua taratibu, mwaka hadi mwaka. Walioielewa mara moja walikuwa wengine. Barua za matusi zilimiminika ofisini kwa Haskins, nyingi hivi kwamba alifika mahali pa kutamani asingeshinda. Na kwenye viwanja vya mitaani vya Detroit, Houston na New York, vijana weusi walianza kuamini kwamba vyuo vya Kusini vitawahitaji. Vilifanya hivyo: mwaka 1966 Perry Wallace alijiunga na Vanderbilt, akawa mchezaji mweusi wa kwanza wa kikapu katika ligi ambayo Kentucky ilicheza. Kentucky yenyewe ilimsajili mweusi wake wa kwanza, Tom Payne, mwaka 1969.

Ugomvi wa 1968

Hapa ndipo habari hii inapouma, na hapa ndipo sherehe nyingi hupita haraka.

Mwaka 1967 Texas Western ilibadilishwa jina kuwa University of Texas at El Paso, UTEP. Timu yake ya riadha, chini ya kocha kijana Wayne Vandenburg, ilikuwa inapanda. Nyota wake alikuwa mrukaji wa miruko mirefu kutoka New York, Bob Beamon.

Aprili 4, 1968 Martin Luther King aliuawa Memphis. Siku chache baadaye timu ilikuwa na mashindano dhidi ya Brigham Young University, BYU, chuo cha Provo, jimbo la Utah, kinachomilikiwa na Kanisa la Wamormoni. Wakati huo kanisa hilo lilikuwa haliwapi weusi ukuhani. Wanariadha weusi wa UTEP walikaa, wakashauriana, wakasema hawatashindana na chuo kinachowahesabu pungufu mbele ya Mungu. Kocha alisema asiyekwenda ajitoe kwenye timu. Wanariadha tisa walikataa kwenda. Beamon alikuwa mmoja wao. Wote wakafutwa timu, wakapoteza ufadhili.

Ni chuo kilekile. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu mji mzima ukimbilie uwanja wa ndege kuwapokea Hill na wenzake. Vijana weusi walioleta kombe walibebwa juu. Vijana weusi waliosema hapana walifungiwa mlango.

Julai mwaka huo jarida la Sports Illustrated lilichapisha mfululizo wa Jack Olsen kuhusu wanariadha weusi wa vyuo, na sehemu nzima ikawa ya UTEP. Wanariadha walieleza jinsi wake zao walivyokosa kazi na wao walivyokosa nyumba za kupanga. Mkurugenzi wa michezo wa chuo alinukuliwa akitumia neno la dharau kwa watu weusi kana kwamba ni neno la kawaida. Miaka minane baadaye mwandishi James Michener, katika kitabu chake Sports in America, aliongeza kwamba mabingwa wa 1966 walitumiwa kisha wakatupwa bila elimu.

Shutuma ya Michener iliwachoma wachezaji kuliko kipigo chochote, maana haikuwa kweli kwa wengi wao. Hill alibaki El Paso akafanya kazi ya uongozi katika kampuni ya gesi hadi alipofariki Desemba 2002. Artis alikuwa mpelelezi wa polisi mjini Gary. Wengi walimaliza shahada zao, wengine baada ya kurudi darasani wakiwa watu wazima. Walitumia miaka mingi kujibu jambo lililoandikwa kwa siku moja.

Beamon naye hakusubiri kusamehewa. Alibaki bila kocha wa chuo, akaelekezwa na mshindani wake Ralph Boston, na Oktoba 18, 1968 huko Mexico City akaruka mita 8.90. Rekodi ya dunia ilikuwa 8.35. Mtu aliyefukuzwa timu mwezi Aprili aliiongeza kwa sentimita 55 mwezi Oktoba, na rekodi hiyo ilidumu hadi Mike Powell alipoivunja Tokyo mwaka 1991. Ukurasa huo wa 1968 unastahili kuwekwa kabatini karibu na wavu wa College Park, vyote viwili vionekane kwa pamoja.

Wachimba madini kutoka Mara

Miaka iliyofuata ilikwenda kasi. UTEP ilianza kutoa shahada ya udaktari mwaka 1974, ya kwanza ikiwa ya jiolojia, kama ilivyostahili. Haskins alistaafu mwaka 1999 akiwa ameshinda michezo 719. Filamu ya Glory Road ilitoka mwaka 2006, na timu yote ya 1966 ikaingizwa katika Jumba la Heshima la mpira wa kikapu la Naismith mwaka 2007. Mwanzoni mwa 2019 chuo kilihesabiwa miongoni mwa vyuo vya juu kabisa vya utafiti Marekani, kikiwa na wanafunzi wengi ambao ni wa asili ya Kimexico.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, miaka ya kutazamwa ni ile ya 1970 na 1980. Kocha wa riadha Ted Banks aligeuza macho ng'ambo ya bahari. Wakaja Wakenya kama Wilson Waigwa na Michael Musyoki. Wakaja Watanzania: Zakariah Barie, Gidamis Shahanga, aliyekuwa ameshatwaa dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978, na Suleiman Nyambui wa Majita, Musoma. Miaka 20 hivi tangu vijana wa Kimarekani wajifunze Kiswahili pale ili waje kupima barabara za Tanganyika, Kiswahili kilikuwa kimerudi El Paso kikiwa na wenyewe, kikizungumzwa asubuhi kwenye njia za vumbi chini ya milima ya Franklin.

Mwaka 1981 UTEP ilishinda mbio za nyika za vyuo kwa pointi 17. Katika mbio hizo mwenye pointi chache ndiye bora, na kiwango cha chini kabisa kinachowezekana ni 15. Nyambui mwenyewe alishinda mita 10,000 za vyuo mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, akapata fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia, na baadaye akashinda marathoni ya Berlin mwaka 1987 na 1988. Fedha yake ya Moscow na ile ya Filbert Bayi ya mbio za kuruka viunzi na maji ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania inazo. Jina la Nyambui husikika kila Olimpiki inapokaribia na nchi inapohesabu upungufu, kisha hunyamaziwa miaka minne. Vyuo vyetu vya umma navyo vina miaka yao ya vikombe, tafiti na kazi za kujitolea vijijini, na mingi imepita bila mtu kukaa na waliohusika akaiandika wakiwa bado hai. El Paso wameandika yao, pamoja na ile inayowaaibisha, na ndiyo maana sisi tuliopo huku tunaweza kuisoma.

Mashindano ya riadha ya vyuo ya mwaka 1982 yalipangwa Provo, katika uwanja wa BYU. Kanisa la Wamormoni lilikuwa limeondoa katazo lake kwa weusi Juni 1978, miaka kumi baada ya wale tisa kukataa kwenda. UTEP iliingia uwanjani na kikosi kilichojaa Waafrika, ikatwaa ubingwa wa timu. Katika mita 10,000, aliyekata utepe wa kwanza alivaa jezi ya rangi ya chungwa ya wachimba madini. Alikuwa Nyambui.